Tupeane uzoefu: mliojitolea na watoto nje ya nchi, mlirudi vipi?

Mwana wa Jang'ombe
Assalaam alaykum. Sie Waunguja tumezoea kumuona Mzungu akija wiki mbili, apige picha na mayatima, aondoke. Mie nimeonja upande wa pili. Mwaka 2018 nilikaa miezi minne Kakuma, kule Turkana, Kenya, kambi iliyofunguliwa 1992 kwa wakimbizi wa Sudani. Nikisomesha hesabu. Wanafunzi mia na kitu darasa moja, penseli tukizikata kwa kisu vipande vitatu ziwatoshe. Kitoto kimoja cha Kikongo, Kiswahili chake cha Bukavu, kipande chake kakifunga uzi kwenye kifungo cha shati kisiibiwe. Siku ya mwanzo, hata jina langu hajauliza: "Mwalimu, nawe utaenda lini?"

Nikamwambia sijui. Na tiketi ya kurudi nnayo mkobani.

Tangu hapo kila Jumamosi nasomesha kwenye kituo kimoja hapa mjini. Harusi zote zinanipita, mke wangu keshachoka kuniombea radhi. Semeni na nyie.

Mpemba wa Konde
Mie nilikuwa huyo mtoto, yakhe. Baada ya yale mauaji ya Januari 2001 kwetu Pemba tulivuka kwa mashua mpaka Shimoni, pwani ya Kenya, nna miaka tisa. Mama mmoja wa Kidigo akituita barazani kwake jioni, uji kwanza, kisha anatusikiliza juzuu Amma mmoja mmoja. Fulana ya shirika hakuwa nayo. Nilipokuja kumtafuta ukubwani, nikaonyeshwa kaburi.

Ukhti wa Ankara
Nikisoma Uturuki, Jumapili tukienda kwa watoto wa Kisyria. Lugha hatuelewani, nikawafunza mchezo wa nage. Niliporudi nikaacha uhasibu nikaingia ualimu, baba hakunisemesha mwezi mzima.

Kijana wa Bububu
Nami nataka. Kuna wakala mtandaoni anadai dola 900, wiki tatu kituo cha mayatima Nepal.

Mwana wa Jang'ombe
Polepole, mdogo wangu. Nepal wengi wa "mayatima" hao wazee wao wahai, wamechukuliwa vijijini kwa ahadi ya skuli, kwa kuwa wageni wanalipa. Australia ilipopitisha sheria ya utumwa mamboleo 2018, biashara hiyo ilihesabiwa humo. Wewe unajua kazi gani? Kama ni kubeba watoto tu, dada zako hawajazaa?

Kijana wa Bububu
Najua kushona.

Mwana wa Jang'ombe
Njoo Jumamosi na cherehani yako. Kuna sare kumi na moja zimechanika.