Mjadala: Elimu kwa jamii inawalinda watoto kweli, au tunawatwisha watoto kazi ya watu wazima?

Mlezi_Huru (mleta mada)
Wadau, kuna jambo linanikera. Kila mtoto akifanyiwa ukatili, kauli ni ile ile: "elimu itolewe kwa jamii." Sawa, itolewe. Apewe nani, na iseme nini? Semina nyingi zinamlenga mtoto mwenyewe: mwili wako ni wako, sema hapana, kimbia, kamwambie mtu mzima unayemwamini. Mtoto wa miaka 6 anaambiwa ajilinde dhidi ya mtu aliyemzidi nguvu, akili na mamlaka, tena mara nyingi mtu anayempenda. Tusidanganyane, wanaodhuru watoto wengi wao wanafahamika na mtoto. Ni mjomba, jirani, kocha, kiongozi wa dini, na hasa hawa akina baba wa kambo. Mimi nasema elimu ianze kwetu sisi watu wazima. Mnasemaje?

BabaWaWawili
Nilikuwa nakubaliana na wewe mpaka ulipofika kwenye "hasa hawa akina baba wa kambo". Hasa kwa kipimo gani? Nimemlea binti ambaye si damu yangu tangu hajaota meno. Kuna mzazi mwenzetu, baada ya semina kama hizo unazozisema, alimvuta pembeni akamuuliza kama mimi "namsumbua usiku". Mtoto alikuja kuniuliza maana yake nini, na tangu siku hiyo anafunga mlango wa chumba ninapopita. Hiyo nayo ni elimu?

Kipanga
Mkuu, mbona unawaka? Kama huna baya, neno moja la mleta mada lisingekuuma.

BabaWaWawili
Kipanga, nikinyamaza nina siri, nikisema nina hatia. Sasa niambie ni kitu gani naweza kukisema ukaniona ni mtu safi. Hakuna.

Tumaini_K
Kipanga hapo umekosea, lakini na wewe BabaWaWawili usitake jamii ifumbe macho ili usijisikie vibaya. Huyo mama alikosea namna ya kuuliza, hakukosea kujali.

BabaWaWawili
Namna ya kuuliza ndiyo jambo lenyewe, dada. Mtu asiyejua kuuliza anaharibu mtoto mzima na anaharibu ushahidi wa mtoto aliyeumizwa kweli.

Mwl_Zuhura
Jamani, turudi kwenye mada. Nimefundisha vipindi hivi vya usalama wa mtoto kwa muda mrefu. Kuna mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, ya 2015 yaliyojumlisha majaribio 24 ya programu za shuleni. Yalionyesha watoto wanaelewa zaidi, na ujuzi huo unabaki kwa miezi kadhaa. Lakini hayakuweza kuthibitisha kwamba ukatili wenyewe ulipungua. Kwa hiyo mleta mada ana hoja nzito. Siku moja baada ya kipindi mvulana mmoja alibaki nyuma, anajifanya anapanga madaftari yaliyokwisha kupangwa. Kisha akauliza: "Mwalimu, na kama huyo mtu ndiye anayetulisha nyumbani?" Katika mwongozo wangu hapakuwa na ukurasa wa swali hilo. Mtoto anayapima mambo ambayo semina haiyagusi. Na tusisahau, mzazi anayemchapa mtoto kwa kila kosa ndiye wa mwisho ambaye mtoto huyo atamwambia siri nzito.

Nahodha
Mwalimu ulikuwa unaongea vizuri, ukaharibu mwishoni. Unachanganya adabu na ukatili. Sisi tulichapwa na tumekuwa watu wenye heshima zetu. Wazazi wangu hawakuwa wakatili, na sitakubali waitwe hivyo hapa.

Mwl_Zuhura
Sijawataja wazazi wako, ndugu Nahodha. Nimesema mtoto aliyezoea kwamba kosa ni fimbo, siku akiguswa vibaya atadhani amekosea yeye. Atanyamaza ili asichapwe.

Tumaini_K
Nahodha, Uswidi walipiga marufuku kuwachapa watoto, nadhani ni miaka ya 70, na walichapisha ujumbe hata kwenye pakiti za maziwa ili familia zizungumze mezani.

Kipanga
1979. Walikuwa wa kwanza duniani.

Nahodha
Kwa hiyo pakiti ya maziwa ndiyo inifundishe kulea? Sheria ya wengine hainihusu.

Tumaini_K
Mbona unakimbilia pakiti? Sheria peke yake hukaa kabatini. Walipeleka ujumbe mahali ambapo mzazi na mtoto wanaketi pamoja. Na tatizo hili si la nchi moja. UNICEF walisema 2024 kwamba watoto wapatao milioni 400 walio chini ya miaka 5 wanaadhibiwa kwa vipigo au kwa maneno ya kuwadhalilisha, mara kwa mara, majumbani mwao. Hao ni 6 katika kila 10.

Nahodha
Milioni 400 ni pamoja na aliyepigwa kikofi kimoja cha mkononi. Takwimu za kutisha watu hizo.

Muuguzi_Rehema
Nimekaa pembeni nasoma, sasa naomba niseme. Nahodha, mimi sibishani na kikofi. Napokea watoto. Mtoto ambaye hata kutambaa hajaanza, ana michubuko shavuni na sikioni, halafu naambiwa "alianguka". Ataanguka vipi asiyeweza kujisogeza? Mtoto anayetembea huumia magotini, kwenye miundi, kwenye paji la uso. Masikio, shingo, tumbo na mapaja ni sehemu za kutia shaka. Na alama yenye umbo la kitu, mkanda au waya uliokunjwa, inajieleza yenyewe. Kabla ya Daktari Kempe na wenzake kuandika kuhusu watoto waliopigwa mwaka 1962, madaktari wengi waliona mifupa iliyovunjika kwa nyakati tofauti na hawakutaka kuamini kwamba ni mzazi. Walikuwa na picha za eksirei mikononi! Hii ndiyo elimu ninayoitaka, ya mtu mzima kukubali anachokiona.

Kipanga
Sasa umeongea, dada Rehema. Ila madaktari wanaogopa mahakama.

Mlezi_Huru
Asante Rehema, hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Kifungu cha 19 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 kinazitaka serikali ziwe na njia za kuzuia, kutambua na kutoa taarifa. Hakisemi mtoto ajiokoe. Sasa tuseme mtoto amefungua mdomo leo jioni. Mtu mzima afanye nini?

Muuguzi_Rehema
Asikilize bila kushtuka usoni. Amwambie "umefanya vizuri kuniambia, si kosa lako". Asiahidi kutunza siri, maana hataweza. Asimhoji kama askari wala kumtajia majina, aandike maneno ya mtoto kama yalivyotoka. Asimkabili mtuhumiwa, maana mtoto anaweza kurudi kulala nyumba hiyo hiyo. Kisha apeleke taarifa ustawi wa jamii au polisi siku hiyo hiyo.

Nahodha
Na kama ofisa anayepokea taarifa ni ndugu wa mtuhumiwa?

BabaWaWawili
Au kama mtuhumiwa hana hatia?

Muuguzi_Rehema
BabaWaWawili, ndiyo maana uchunguzi ufanywe na waliofunzwa, si na mzazi mwenzenu pembeni. Hapo niko upande wako. Nahodha, peleka taarifa sehemu zaidi ya moja.

Nahodha
Sehemu zaidi ya moja maana yake majirani wote wajue kabla ya hakimu. Mtoto ataishi vipi mtaani baada ya hapo?

Mwl_Zuhura
Ustawi wa jamii na polisi si majirani. Mtaa unajua kwa sababu watu wazima wanasimuliana. Yule mvulana alikuja kwangu kwa sababu aliamini sitamsimulia mtu barazani.

Nahodha
Ukaripoti?

Mwl_Zuhura
Niliripoti siku ile ile. Na kuna ndugu zake ambao hadi leo hawajibu salamu yangu.