Kichefuchefu baada ya upasuaji wa ngiri: tumfanyie nini mbali na dawa?

Mwanga_Kgm
Habari za humu. Mama kafanyiwa upasuaji wa ngiri jana kwa nusu kaputi, leo yuko nyumbani Ujiji. Akilala ametulia, akiinuka tu kichefuchefu. Jirani anakaanga migebuka kwa mawese na harufu yote inaingia chumbani. Katapika mara mbili. Kunywa ameruhusiwa.

Muuguzi_Tabora
Pole kwa kuuguza. Visababishi umeshavitaja: kuinuka na harufu. Anza navyo. Dawa kali za maumivu, kama tramadoli, hufanya sikio la ndani linaloshika mizani ya mwili lishtuke upesi. Basi mwinue polepole: mito mgongoni dakika 5, kisha akae ukingoni mwa kitanda dakika 5, ndipo asimame akitazama kitu kisichosogea. Mhamishie chumba kisicho upande wa jiko. Dawa ya maumivu asiiache bila kumuuliza daktari, maana maumivu nayo hutapisha.

Maji au ORS mpe kijiko kimoja cha chakula kila dakika 5. Wengi hukosea hapa: ametapika, wanamjazia kikombe kizima, tumbo linatanuka ghafla na yote yanarudi. Ikipita saa moja salama, ongeza, kisha uji mwepesi wa mchele. Mawese yasubiri, mafuta hukawia tumboni.

Kano_Mbili
Ongeza kubonyeza mkono. Weka vidole vitatu vya mama mwenyewe chini ya mkunjo wa kifundo cha mkono, kuelekea kiwiko, upande wa ndani. Hapo vinapoishia, katikati ya kano mbili, bonyeza kwa dole gumba dakika 2 hadi 3, kisha mkono wa pili. Ukibonyeza pembeni, juu ya mfupa, hupati kitu. Mkono uliovimba kwa sindano ya dripu uache.

Mwanga_Kgm
Asanteni sana. Na tangawizi?

Muuguzi_Tabora
Inafaa, nusu kijiko cha chai cha unga wake kwenye kikombe cha maji moto, anywe kwa mafunda madogo. Ikiwa kali mno itamchoma tumbo atapike tena. Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, asinywe.

Akitaka kutapika mgeuze ubavu na akandamize mto juu ya mshono. Matapishi yakiwa ya kijani au yenye damu, tumbo likivimba na hatoi upepo, au ngiri ikituna tena na kuuma, mrudisheni hospitali leo hii, msingoje asubuhi.