Tovuti ya shule ya Montessori: tujenge upya, tuhamie Wix au tubaki na hii hii tuikarabati?

MwalimuTena:
Wakuu habari za leo. Nafundisha kwenye shule ndogo ya Montessori, madarasa mawili ya watoto wa miaka 3 mpaka 6, na suala la tovuti nimeachiwa mimi kwa sababu kompyuta naielewa kidogo. Tovuti ipo miaka mingi, imejengwa kwa WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti, na mtu ambaye hatunaye tena. Wageni wanaingia, takwimu zinaonyesha hivo, lakini wanaopiga simu au kujaza fomu ya kuja kutembelea ni wachache mno na kila muhula nafasi zinabaki. Kinachoniuma ni kwamba mzazi akishafika akakaa darasani nusu saa tu, mara nyingi anaandikisha mtoto, kwaio shida haiko darasani, iko kabla hajafika.

Kwenye kikao tumebaki na njia tatu na hatuelewani. Wengine wanataka tumlipe mtu ajenge upya kabisa kwa WordPress. Wengine wanasema tuhamie Wix au Squarespace, zile huduma za kulipia za kujenga tovuti, ili walimu waweze kubadilisha vitu wenyewe bila kumtafuta fundi. Na mi naona tubaki na hii hii ila tubadilishe maandishi na picha. Ambao mmepitia hili naomba mnisaidie, nataka kuwapelekea wenzangu kitu kilichofikiriwa.

Fundi_Nyaya:
Mkuu kabla ya kuchagua, swali moja ndo linaamua karibu kila kitu: nani ataitunza baada ya miezi sita? WordPress ni bure yenyewe, ipo tangu 2003, unaweza kuihamishia hostingi (kampuni inayohifadhi tovuti) yoyote unayotaka na mafundi wake wako kila kona, ila inataka mtu wa kuiangalia, apdeti za plagini (vile vijiprogramu vya nyongeza), bekapu, pasiwedi za maana, ukiiacha miaka bila apdeti siku moja unakuta kurasa zimejaa matangazo ya ajabu ambayo hujaweka wewe. Wix na Squarespace hayo wanafanya wenyewe, wewe unalipa kila mwezi au kila mwaka unahariri basi. Lakini jua hili mapema, Wix hairuhusu kuchukua tovuti ukaipeleka sehemu nyingine, ukitaka kuondoka unajenga upya kuanzia mwanzo. Squarespace angalau baadhi ya kurasa na posti unaweza kuzitoa ukazipeleka WordPress.

Kama shuleni hakuna mtu wa ufundi na hamna mpango wa kumpata, mi ningesema Squarespace. Kama yupo hata mzazi mmoja anayeweza kuingia mara moja kwa mwezi akafanya apdeti na bekapu, bakini WordPress.

MamaMapacha:
Naongea kama mzazi, mi sijui hizo plagini. Mwaka jana nilizunguka tovuti za shule nyingi nikitafutia wanangu na nilikua nafanya hivo usiku wakiwa wamelala, kwa simu, nimechoka. Nilichokua natafuta ni vitu vichache sana jamani: wanapokea umri gani, saa ngapi wanaanza na saa ngapi wanatoka, kuna nafasi au hakuna, na mwanangu akilia siku ya kwanza mtafanya nini. Hicho cha mwisho hakuna hata moja iliyoandika. Hata moja! Badala yake nafungua nakutana na video kubwa inayojicheza yenyewe inakula data, afu "karibu katika safari ya ubora", afu historia ya Maria Montessori kuanzia alivyozaliwa 1870. Nilikua nafunga naenda nyingine.

Shule tuliyoishia ilikua na tovuti ya kawaida sana, hata rangi hazikuendana, ila ukurasa wa kwanza ulikua na picha ya mtoto anakunja vitambaa na chini yake wameeleza kwa nini anakunja vitambaa. Nilielewa palepale. Asubuhi nikapiga simu.

KijanaWaMtandao:
Kwa mtazamo wangu achaneni na tovuti kabisa. Wazazi wako Facebook, Instagram na WhatsApp, wekeni ukurasa mzuri pale mposti picha kila siku, namba ya WhatsApp juu, mmemaliza. Hela ya tovuti nunueni vifaa vya darasa.

Fundi_Nyaya:
@KijanaWaMtandao nakuelewa na mitandao wanatakiwa kuwa nayo, lakini isiwe peke yake. Mzazi anayetafuta shule anaandika kwenye Google, haanzii Facebook. Na asiye na akaunti akifungua ukurasa wenu anawekewa dirisha la kumtaka aingie kwanza. Afu posti ya mwezi wa pili iliyoeleza saa za masomo mwezi wa tano nani ataitafuta? Imeshazama huko chini. Tovuti ni pale ambapo majibu yanakaa, mitandao ni pale ambapo watu wanakumbushwa kwamba mpo.

Kitu cha bure ambacho hata wenye tovuti nzuri wanasahau ni wasifu wa shule kwenye Google, ule unaotokea pembeni na kwenye ramani. Jina sahihi, saa za kazi, simu, picha za karibuni. Mwalimu fanya hiyo leo hii hata kabla ya kikao.

KijanaWaMtandao:
Hapo kwenye posti kuzama nakubali mkuu. Basi niseme vyote viwili, ila kitufe cha WhatsApp kwenye tovuti kisikosekane, kuna watu hawapendi kujaza fomu wala kupiga simu kwa mtu wasiyemjua.

Bi_Mkufunzi:
Mwalimu mwenzangu, nimefundisha walimu wa Montessori kwa miaka mingi na tovuti zetu karibu zote zinaugua ugonjwa mmoja, tunaandika kwa lugha ya mafunzo. "Mazingira yaliyoandaliwa." "Akili fyonzaji." "Kipindi cha kazi kisichokatizwa." Mimi na wewe tunaelewa, mzazi anaona maneno mazito tu. Na hili haliponi kwa kuhamia Wix wala kwa kumlipa mtu, utalihamisha na maneno yako yaleyale.

Chukua mnara wa waridi. Tovuti nyingi zinaweka picha yake kama pambo. Lakini ukimwambia mzazi kwamba ni vipande 10 vya mbao, kidogo kabisa kina sentimita 1 kila upande na kikubwa sentimita 10, na kwamba mtoto anayevibeba kimoja kimoja anaanza kuujua utaratibu wa kumi kwa mikono kabla hajaandika namba yoyote, na kwamba kile kikubwa kingejaa vile vidogo 1,000, hapo mzazi anakaa vizuri kwenye kiti. Ameona kuna fikra nyuma ya mbao. Vilevile kile kipindi cha kazi cha asubuhi cha masaa matatu mfululizo, usiandike jina lake, andika kwamba mtoto akiwa amezama kwenye kazi yake hatupigi kengele kumkatiza.

Jambo la pili ni la uaminifu. Jina la Montessori halimilikiwi na mtu, shule yoyote inaweza kulitundika mlangoni, na wazazi siku hizi wanalijua hilo. Kwaio andikeni wazi walimu wamesomea wapi, kama ni mafunzo ya AMI, lile shirika aliloanzisha Maria Montessori mwenyewe 1929, au ya AMS ya Marekani iliyoanza 1960, au chuo kingine. Andikeni pia kama darasa lina watoto wa miaka 3, 4 na 5 pamoja na kwa nini. Hayo yanawatofautisha na shule yenye jina tu kuliko rangi yoyote ya tovuti. Historia ya 1907, nyumba ya kwanza ya watoto mtaa wa San Lorenzo kule Roma, mimi naipenda mno na isifutwe, ila ipewe ukurasa wake ndani, isimzuie mzazi mlangoni.

BabaK:
Mi niulize kuhusu ada. Shule nyingi zinaficha, "wasiliana nasi kwa maelezo zaidi". Kwangu hiyo ni sababu ya kuondoka.

MwalimuTena:
@BabaK hapo ndo kikao kilipowaka moto. Mkuu wetu anaogopa kwamba mzazi akiona ada kabla ya kuona darasa atakimbia.

MamaMapacha:
Atakayekimbia kwa ada atakimbia tu hata akishakuja, tofauti ni kwamba mtakua mmempotezea siku yake na yenu. Na asiyejua ada anawaza kubwa kuliko ilivyo. Mi nilizikwepa shule mbili nikidhani siziwezi, kuja kusikia baadae kwa mzazi mwenzangu kumbe ningeweza.

Bi_Mkufunzi:
Mimi nilikua upande wa mkuu wenu kwa muda mrefu, nikabadilika. Wekeni ada, lakini pembeni yake andikeni inajumuisha nini: chakula kama kipo, vifaa, saa za ziada, na kama mnaruhusu kulipa kwa awamu. Namba ikikaa peke yake inatisha.

Fundi_Nyaya:
Mwalimu nimeona linki uliyonitumia inboksi. Nimeipitisha kwenye PageSpeed Insights ya Google, kile kipima kasi ya tovuti, ni bure na wewe ijaribu. Ukurasa wa mwanzo una picha zimetoka kwenye simu moja kwa moja, kila moja megabaiti nne tano, na ziko kumi na moja. Google wanataka kile kitu kikubwa cha kwanza kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, chenu kwa simu kinapita mbali sana. Na Google siku hizi wanaipima tovuti kwa jinsi inavyoonekana kwenye simu, sio kwenye kompyuta. Zipunguze picha upana ziwe piseli 1600 au chini ya hapo, zihifadhi kwa WebP (aina ya faili la picha jepesi), ile video itoe. Hiyo ni kazi ya jioni moja na haihitaji kujenga upya chochote.

Fomu yenu ya kutembelea ina maswali 15! Kundi la damu, kazi ya baba, kazi ya mama, vyote vya nini mtu hata hajaja? Jina, simu, umri wa mtoto, siku anayopendelea. Manne. Mengine mtauliza akija.

Swali la mwisho na usilipuuze: domeini, yaani anuani ya tovuti, imesajiliwa kwa jina la nani?

MwalimuTena:
Nimerudi baada ya siku tatu. Domeini iko kwa jina na barua pepe ya yule aliyejenga. Moyo ulinidunda, maana angebadilisha barua pepe tu au akasahau kulipia tungepoteza anuani ambayo iko kwenye kila karatasi ya shule. Nilimpigia, ni mtu muungwana, amekubali kuihamishia kwenye barua pepe ya shule, ile ya ofisi sio ya mtu mmoja, na imeshahamia.

Picha nimezipunguza zote, video nimetoa, fomu ina maswali manne na kitufe cha WhatsApp nimeweka. Kwenye kikao cha jana tumekubaliana kubaki na WordPress hii kwa muhula mzima huku tukihesabu maombi ya kutembelea kila wiki, na kila anayekuja tunamuuliza alitujuaje. Baba wa mtoto mmoja amejitolea kufanya apdeti na bekapu. Kama maombi hayajaongezeka ndo tufikirie kujenga upya.

Fundi_Nyaya:
Safi sana. Mkija kubadilisha anuani za kurasa wekeni maelekezo ya 301, yanayompeleka mgeni moja kwa moja kutoka anuani ya zamani kwenda mpya, la sivyo linki zote zilizosambaa zitakufa.

BabaK:
Na picha za watoto? Wa kwangu waliwekwa kwenye ukurasa wa shule moja bila kuulizwa na sikulipenda hata kidogo.

Bi_Mkufunzi:
Ruhusa ya maandishi ya mzazi kwa kila mtoto, na mzazi aweze kuiondoa wakati wowote picha ishuke siku hiyohiyo. Jina lisikae na sura. Ukweli picha nzuri za Montessori hazihitaji sura, piga mikono inavyofanya kazi, piga kwa nyuma ya bega.

Fundi_Nyaya:
Naongezea, picha za simu mara nyingi zinabeba ndani yake mahali zilipopigiwa. Futa hayo maelezo kabla ya kupandisha.

MwalimuTena:
Asanteni, ruhusa naanza kuzikusanya kesho. Nimeandika maneno ya ukurasa wa kwanza, naomba mnikosoe bila huruma:

"Asubuhi mtoto wa miaka 3 anamimina maji kutoka jagi dogo kwenda kwenye glasi. Yakimwagika anachukua kitambaa anafuta, hafokewi na mtu. Pembeni yake mwenzake wa miaka 5 anasoma, na akiombwa msaada anasaidia. Siku za mwanzo mtoto wako akilia tunakaa naye, na wewe unaruhusiwa kubaki mpaka atulie. Tunapokea watoto wa miaka 3 mpaka 6. Njoo ukae darasani nusu saa, chagua siku hapa chini."

MamaMapacha:
Ningekua nimesoma hii ule usiku ningejaza fomu palepale. Usiguse ile sentensi ya kulia.

Bi_Mkufunzi:
Nzuri mwalimu. Jambo moja tu, pale kwenye "unaruhusiwa kubaki mpaka atulie", hakikisha walimu wote wa madarasa mawili wanakubali na wanafanya hivo kweli kabla hujaipandisha, maana mzazi wa kwanza atakayekuja ataishika hiyo sentensi mkononi.

MwalimuTena:
Nimewauliza. Mmoja anataka mwisho uwe nusu saa siku ya kwanza kisha tupunguze kidogo kidogo, kwaio nitaibadilisha ile sentensi iseme hivo. Inapanda Jumatatu.