Ulinganisho: milo mitatu ya mgeni, Arusha, Moshi au njiani?

Mlaji wa Njiro

Wanajukwaa, salaam. Mwisho wa mwezi ninatarajia kumpokea shemeji yangu kutoka Mwanza, mtu anayependa kula kuliko kutalii, ambaye ameshanionya kwa simu kwamba hataki kupelekwa mahali penye vitambaa vyeupe mezani. Atakaa siku tatu. Nimejipa milo mitatu ya kumtoa nje, na iliyobaki atakula nyumbani, kwa sababu mke wangu hatakubali mgeni ale hotelini kila siku kana kwamba nyumba haina jiko.

Masharti ni machache. Shemeji ni Mwislamu, kwa hiyo kiti moto (nyama ya nguruwe) na kisusio (supu ya damu) vimetoka tangu mwanzo. Samaki nao wametoka, kwa kuwa mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria ukimwekea sato aliyesafiri siku mbili ndani ya barafu, atakula kwa adabu na moyoni atakusikitikia. Ninataka chakula ambacho akirudi kwao atakisimulia.

Chaguo langu la kwanza ni Khan's, pale mtaa wa Msikiti, ambako mchana ni duka la vipuri vya magari na jioni majiko ya mkaa hutolewa nje, meza zikapangwa kandokando ya barabara. Kuku wake na mishkaki nimevila kwa miaka mingi na sijawahi kuona moto umelegea. La pili ni nyama choma ya mbuzi kule Kwa Mrombo. La tatu ni kuamka mapema, kwenda Moshi na kunywa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, kilomita 80 kwenda na 80 kurudi kwa ajili ya bakuli moja, jambo ambalo mke wangu analiita wazimu.

Kipimo changu kinatokana na safari. Hoteli mbili nilizozipenda zaidi nje ya Arusha ni Lukmaan ya Mkunazini, Unguja, ambako vyakula vimepangwa mbele yako nawe unaonyesha kwa kidole, na ile ya K'Osewe, barabara ya Kimathi jijini Nairobi, ambako samaki wa mchuzi huletwa na ugali na mboga ya osuga, ambayo sisi tunaiita mnavu. Zote mbili hazina madoido, na zote mbili zinajua zinachopika. Je, katika hayo matatu niliyoyataja, ni lipi linasimama karibu na hizo? Na kuna lililonipita?

Binti wa Machame

Kaka, nianze na wazimu, kwa maana ndio ninaoutetea. Mtori si chakula cha kulinganishwa na kuku wa jioni, kwa sababu vyote viwili vina saa zake, na mtu anayekwenda Moshi saa sita mchana kutafuta mtori mzuri anajitafutia lawama bure. Unaanza kupikwa alfajiri. Ndizi mshare humenywa kwa mikono iliyopakwa mafuta, la sivyo utomvu utakaa kwenye vidole mpaka kesho, kisha hutumbukizwa kwenye maji ili zisibadilike rangi wakati mifupa na nyama ya ubavu inaendelea kutokota kwenye sufuria nyingine. Zikiiva hupondwa na kulainishwa kwa ile supu, kidogo kidogo, na hapo ndipo mpishi anapojulikana: akikimbilia supu mtori unakuwa uji, na akiionea uchungu unakuwa ugali wa ndizi.

Mimi hupima kwa macho kabla ya ulimi. Bakuli likiletwa, ninachota kijiko na kukiinamisha. Mtori mzuri hushuka taratibu na kuacha tabaka jembamba kwenye kijiko, na juu yake unaona vidoa vya mafuta ya nyama, si ya chupa. Ukitulia kwa dakika kumi unafanya ngozi juu, na ngozi hiyo watoto wa nyumbani kwetu walikuwa wanaigombania. Pilipili mbuzi iwe pembeni, ndimu iwe pembeni, na chapati uagize kama una njaa ya kazi, kwa sababu mtori peke yake unatosha. Ndiyo maana kwetu mwanamke aliyejifungua hupewa huo kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa hiyo fikeni Moshi kabla ya saa mbili asubuhi. Msiende mahali penye orodha ya vyakula arobaini. Nendeni kwa mama lishe wa karibu na soko la Mbuyuni, mkaangalie ni sufuria ipi imezungukwa na wapagazi na wenye maduka, maana hao hawali mara mbili mahali palipowadanganya. Baada ya hapo mpeleke shemeji kwenye Union Café, kando ya Barabara ya Arusha, apate kikombe cha kahawa. Ni mgahawa wa KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro uliosajiliwa mwaka 1933, na mgeni anayekunywa kahawa hiyo huku mlima uko wazi mbele yake (ukiamua kuwa wazi, kwani una tabia zake) hatauliza tena kwa nini mliamka saa kumi na moja.

Mwalimu Mstaafu, Sakina

Ninakubaliana na dada yangu kuhusu saa, ila ninasikitika kwamba ukurasa huu unazungumzia Arusha bila kutaja loshoro. Tuna chakula chetu sisi wa chini ya Meru, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa yakalainika, kisha yakachanganywa na maziwa ya mgando, na wengine huongeza ndizi. Kinaliwa kikiwa kimepoa, kina uchachu, na mtu asiyekizoea hukunja uso kwa vijiko viwili vya kwanza. Kijiko cha tatu huwa cha hiari yake. Siku ya soko la Tengeru, Jumatano au Jumamosi, hutakosa pa kukila, na ni njiani kuelekea Moshi.

Dereva wa Namanga

Nimeendesha mabasi na baadaye magari ya watalii kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo naomba niseme la njiani, ambalo mwenye mada ameligusa kwenye kichwa cha habari kisha akalisahau.

Chakula cha njiani kati ya Dar es Salaam na Arusha kina ugonjwa mmoja, nao ni dakika ishirini. Basi likisimama Korogwe au Mombo, abiria sitini hushuka kwa pamoja, na mpishi anayewahudumia watu sitini kwa dakika ishirini hawezi kupika, anaweza kupakua tu. Kuku alikaangwa asubuhi, chipsi zimekaa kwenye kabati la kioo lenye taa, na hakuna wa kulaumiwa kwa sababu hata ukipata mpishi bora wa nchi nzima ukamweka pale atafanya vivyo hivyo. Mimi nikiwa njia hiyo hununua machungwa na mahindi ya kuchoma, chakula chenyewe nakila nikifika. Kwa hiyo kwenye ulinganisho huu njiani iondolewe.

Kuhusu nyama choma nina neno refu kidogo. Watu huilinganisha kwa jina la baa, wakati kinachotofautisha ni buchani. Fika mwenyewe kwenye ile nyama iliyotundikwa, chagua mbavu au mguu, uone ikipimwa kwenye mizani, kisha useme unataka ichomwe bila kuchemshwa kwanza. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko yote, kwa maana wachomaji wenye haraka huichemsha nyama na kuigusisha moto iungue juu, na ukiitafuna unaona kabisa imeacha ladha yake kwenye sufuria. Mbuzi wa kuchomwa kweli, kwa moto wa makaa usio na mwali, anataka saa nzima na zaidi. Ataletwa kwenye ubao, akatwe mbele yenu, chumvi imwagwe pembeni kama kichuguu, na kachumbari ifuate. Nusu kilo kwa kila mtu inatosha, kwa sababu mifupa nayo imo kwenye kilo.

Angalizo kwa ajili ya shemeji: uliza kama jiko ni moja. Ziko sehemu nyingi ambako mbuzi na kiti moto vinachomwa na mtu mmoja, kwa wavu mmoja na kisu kimoja. Mgeni wako hatasema kitu, atakuambia tu kwamba ameshiba.

Mpemba wa Levolosi

Ahsante, Dereva, kwa angalizo hilo. Limetamkwa kwa heshima na ndilo linalotuchosha wengi wetu. Ndiyo sababu ndugu zangu wakija kutoka Pemba ninawapeleka Khan's bila kufikiri mara mbili, kwa kuwa nyama ni ya halali na pombe haipo, na mtu anakaa na watoto wake hadi usiku.

Ila kwa nia njema naomba nimpinge mwenye mada juu ya kipimo chake. Lukmaan na Khan's si vitu vya mizani moja. Lukmaan ni chakula cha mchana cha mchuzi, cha wali na pweza wa nazi na maharage, chakula kinachokaa kwenye sufuria na kuzidi kunoga. Khan's ni moto, na chakula cha moto hakisubiri mtu. Ukitaka mfano wa Unguja kwa Khan's, uchukue Forodhani jioni, na hapo Arusha inashinda, jambo ambalo linaniuma kulisema. Urojo wa Forodhani bado naupenda, na juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu sijaipata popote Arusha ikiwa na ukali ule. Lakini mishkaki ya pweza na kamba iliyopangwa mezani kwa uzuri kama maua mara nyingi imeshaiva kabla hujafika, na hupashwa tu unapoagiza. Niliwahi kulipishwa na mchuuzi mmoja bei ya mtalii kwa sababu nilisahau kuuliza kwanza, nami nilikuwa nimevaa kofia ya kitambaa na ninazungumza Kipemba safi! Mtaa wa Msikiti unaiona nyama ikiwa mbichi na unaisikia ikiingia motoni.

Kidogo tu kuhusu mpangilio: kuku wa Khan's aliwe usiku wa kwanza, mgeni akiwa amechoka na safari. Hachagui, hangoji saa nzima, na saladi zinaletwa nyingi bila kuombwa.

Mlaji wa Njiro

Nimewasoma wote kwa makini. Nakubali kwamba Lukmaan ilikuwa kipimo kibaya, na nakubali pia kwamba nilikuwa nimepanga kwa majina ya mahali bila kufikiri juu ya saa. Mpango sasa uko hivi: usiku wa kwanza Khan's, siku ya pili mchana mbuzi, baada ya kuuliza habari ya jiko, siku ya tatu, ambayo ni Jumatano, alfajiri Moshi, na wakati wa kurudi Tengeru kwa loshoro ya Mwalimu. Nitaleta taarifa.

Mlaji wa Njiro

Taarifa niliyoahidi. Khan's ilikwenda kama Mpemba alivyosema, isipokuwa shemeji alikaa akilitazama lile duka la vipuri kuliko chakula, akaniuliza kama tunaweza kurudi mchana anunue chujio la mafuta la gari lake. Mbuzi tulimngoja saa moja na robo. Niliposema tunataka achomwe bila kuchemshwa, mchomaji alinitazama, akatabasamu, akasema, "Huyu amefundishwa," na mbavu alizotuletea zilikuwa na ngozi ya kahawia inayovunjika chini ya jino na mafuta meupe yaliyoyeyuka nusu. Shemeji alitafuna mfupa hadi ukawa mkavu. Alichosema kilikuwa kimoja tu, kwamba Mwanza wanajua samaki na hapa tunajua mbuzi, na kila mtu abaki na chake.

Moshi ndiko nilikoharibu. Tulitoka Njiro saa moja na nusu kwa sababu ya dogo aliyekataa kuachwa, tukakuta foleni Usa River, na tulipofika Mbuyuni ilikuwa imeshapita saa nne. Mama aliinamisha sufuria ili tuone wenyewe: kulikuwa na mkwaruzo wa mwiko na ndizi iliyoganda pembeni, basi. Alituhurumia akatupa machalari, ambayo yalikuwa mazuri, ndizi zimeiva bila kupondeka na nyama imeachia mfupa, lakini si kile nilichomwendesha mtu kilomita 80 kukifuata. Kahawa ya Union Café tulikunywa, mlima ukiwa umejifunika wote.

Loshoro ya Tengeru, Mwalimu, imeniaibisha mimi niliyekaa Arusha miaka kumi na minane bila kuijali. Shemeji alikunja uso kwa vijiko viwili, kama ulivyosema. Bakuli la pili aliagiza mwenyewe.

Binti wa Machame

Saa moja na nusu ndiyo mnatoka nyumbani, kaka? Niliandika kabla ya saa mbili muwe mmekaa mezani.

Mlaji wa Njiro

Uliandika, dada. Shemeji anarudi mwezi wa kumi na mbili, na safari hiyo tutalala Moshi.