Msingi wa nyumba juu ya machimbo: nizamishe au niuache juu?

Mjenzi_Mpya: Wakuu, chini ya kiwanja changu makaa ya mawe yatachimbwa. Ripoti inasema ardhi ikititia itavutika au kubanwa 3 mm kwa kila mita, na kuinama 5 mm kwa mita. Nyumba ni ya matofali, mita 18 kwa 9. Nataka kushusha msingi mita 1.5 na kuujaza nondo. Ni sahihi?

Zege_na_Nondo: Usishushe, mkuu. Msingi wa kina unashikwa na udongo, unavutwa na kusukumwa nao. Kwa mita 18 hiyo ni 54 mm, na hakuna nondo ya kuizuia ardhi. Iache iteleze chini ya nyumba.

Tandaza mchanga 150 mm, ushindilie, usawazishe, laza nailoni nzito mbili, kisha mwaga jamvi, yaani bamba la zege la kubeba nyumba, ambalo chini yake ni tambarare kabisa. Bimu moja tu ikichomoza kwenda chini inageuka nanga, na mtelezo umekufa. Hapo nguvu inayolivuta jamvi haizidi msuguano wa nusu ya uzito wa jengo: kwa kipande cha nyumba cha tani 120, na msuguano wa 0.6, ni 60 × 0.6 = tani 36. Nondo nane za 12 mm zinaibeba, kabla ya kuongeza usalama. Kupinda ni hesabu nyingine: hapo weka nondo juu na chini.

Fundi_Mwashi: Na ikate nyumba vipande viwili vya 9 kwa 9. Acha upenyo wa 50 mm kuanzia jamvi hadi paa; paa nalo likatwe. Kinachoharibu sana ni udongo wa saruji unaodondokea humo wakati wa kujenga. Ukikauka, vipande vinasukumana kana kwamba upenyo haupo. Ziba kwa sponji laini, na bati la kufunikia lipigwe misumari upande mmoja tu.

Mjenzi_Mpya: Na mabomba ya maji machafu?

Zege_na_Nondo: Mteremko wa 1 kwa 100 ni 10 mm kwa mita, ardhi ikiinama kinyume, unabaki na 5. Weka 1 kwa 60, na viungio vya mpira vinavyoweza kuchomoka kidogo.

Ila haya yote ni kwa ardhi inayoshuka taratibu kama sahani. Kama kuna mashimo ya zamani karibu na uso wa ardhi, toboa kwanza na uyajaze. Jamvi haliokoi nyumba shimo likifunguka ghafla chini yake.