Naomba ushauri: filamu 100 bora, tuanzie wapi?
Wakuu, habari za jioni. Hapa Kirumba, Mwanza, tupo watu sita tunaotaka kumaliza orodha ya filamu bora ya Sight and Sound, jarida la filamu la Uingereza, ya mwaka 2022, filamu moja kila Jumamosi. Ni karibu miaka miwili.

Kwanza, mpangilio. Namba moja ni Jeanne Dielman (1975), dakika 201. Mama anamenya viazi jikoni, kamera imetulia tuli. Ni kazi kubwa mno, ila kumwanzishia nayo mgeni ni kumfukuza. Tufuate miaka, au tuanze na Seven Samurai, tuigawe usiku mbili pale penye mapumziko yake?

Linalosumbua zaidi ni manukuu, yale maandishi ya maneno ya waigizaji chini ya picha. Faili la manukuu lililopangwa kwa filamu ya picha 25 kwa sekunde ukiliweka kwenye filamu ya picha 24, maneno yanatangulia midomo. Filamu ya saa mbili ikiisha, pengo limefika karibu dakika tano. Kusogeza kwa sekunde hakusaidii, maana pengo linazidi kukua. Kasi yenyewe mnaibadilishaje kwa simu, bila kompyuta?

Na wawili kati yetu hawasomi Kiingereza. Aliyewahi kutafsiri manukuu kwa Kiswahili, mstari mmoja uwe na herufi ngapi ili usomeke kabla haujapotea?