Naomba ushauri: kitafuta samaki chenye picha za ubavuni kwa uvuvi wa mwambao

MshipiMrefu
Wakubwa shikamooni, na ndugu wengine nawasalimu. Sisi ni wavuvi wanne wa Kilindoni, Mafia, na tunamiliki mashua moja ya faiba ya mita 7 yenye mashine ya nguvu za farasi 40. Muda mwingi tunavua chewa na changu kwa mshipi katika maji ya pima 8 hadi 20 (pima moja ni kama mita 1.8), upande unaoelekea delta ya Rufiji, na bahari inapotulia hutoka mashariki ya kisiwa kufuata jodari na nguru. Hadi leo tunaongozwa na alama za nchi kavu alizoturithisha mzee wetu, lakini mvua ikiifunika minazi tunayolinganisha, huzunguka asubuhi nzima tukichoma petroli juu ya mchanga mtupu.

Kikoba chetu kimetimiza shilingi milioni 3 kwa ajili ya kifaa hiki cha kutafuta samaki kwa mwangwi wa sauti. Muuzaji mmoja anatushawishi tuchukue chenye mawimbi ya sauti ya megahezi 1.2 (yaani kilohezi 1,200), kwa kuwa picha zake zinaonekana kama za kamera. Je, picha za ubavuni zinafaa kweli katika maji ya chumvi, na ni jambo gani tulitazame kwanza kabla ya kutoa fedha za watu wanne?

Nahodha wa Pangani
Marahaba, mwanangu. Zinafaa, ila si kila mahali, na muuzaji wenu amewaeleza nusu ya habari. Maji yenyewe humeza sauti, na chumvi za bahari, hasa magnesi salfeti, huzidisha mmezo huo. Kadiri mawimbi yanavyokuwa ya juu ndivyo sauti inavyochoka mapema. Picha ya megahezi 1.2 ni safi sana katika ziwa au karibu na chombo, lakini baharini hufifia kabla haijafika mbali. Kazi kubwa ya ubavuni mtaifanya kwa kilohezi 455, na 800 mtaitumia pale mnapotaka kukagua kwa karibu mwamba ambao mmekwisha kuupata. Katika maji ya pima 10 mimi huweka mita 35 kila upande na sizidishi, kwa sababu nikizidisha, ukingo wa picha unabaki kama majivu.

Faida yake ni kwamba kifaa cha kawaida huona kile kilicho chini ya chombo tu, kwa hiyo unaweza kupita mita 20 kando ya kipwa (mwamba ulioinuka chini ya maji) chenye chewa usijue. Cha ubavuni hufagia kulia na kushoto kwa pamoja. Mwamba hung'aa, mchanga hufifia, na samaki huonekana kama punje nyeupe zenye vivuli. Kivuli kikijitenga na punje, samaki ameinuka kutoka chini. Kisha unagusa punje hiyo kwenye skrini, GPS inahifadhi mahali pake, na kesho unarudi hapo hapo hata minazi isipoonekana. Kwangu mimi, hilo ndilo linalorudisha fedha ya petroli.

Mkondo wa Pemba
Naheshimu maneno ya nahodha, lakini naomba nipinge kidogo. Ninavua katika mkondo wa Pemba, ambako kina kinafika mamia ya mita, na huko picha za ubavuni hazijawahi kunipa jodari hata mmoja. Samaki wa maji makuu huwatafuta kwa kutazama ndege wa baharini, kwa rangi ya maji na kwa sona (kipimo cha mwangwi) ya kushuka chini yenye mawimbi ya karibu kilohezi 50, ambayo hufika mbali. Ikiwa jodari ndiye anayewalipa zaidi, fedha ziende kwenye transdyusa (kile kipande cha majini kinachotoa na kupokea sauti) nzuri ya kushuka chini, na ubavuni muuache.

Fundi Faiba
Nyote wawili mmesema kweli, kwa sababu jibu linategemea kina. Ndugu MshipiMrefu amesema muda mwingi yuko katika pima 8 hadi 20, kwa hiyo ubavuni utamfaa, mradi transdyusa yake iwe na mawimbi ya kushuka chini pia.

Mkague sana herufi za jina la kifaa, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Katika Garmin Echomap, herufi "sv" humaanisha kina picha za ubavuni na za chini, ilhali "cv" ni za chini peke yake. Katika Humminbird Helix, "SI" ni ubavuni na "DI" ni chini. Lowrance Elite FS huonesha ubavuni ikiwa imefungwa transdyusa ya Active Imaging ya tatu kwa moja. Nimewahi kumfungia mteja kifaa alichouziwa kwa bei ya ubavuni, na tulipokiwasha tukakuta transdyusa iliyomo ni ya chini tu. Muuzaji alikuwa amekwisha kuzima simu. Fungueni boksi, someni namba ya transdyusa, kisha ndipo mlipe.

Tengeni pia fedha ya betri ya pili ya volti 12. Mkitumia betri ya kuwashia mashine, kila mnapopiga stata umeme hushuka na skrini hujizima. Waya wa transdyusa usipite pamoja na nyaya za mashine, na usikatwe kamwe ili kufupishwa, uliobaki ukunjwe.

MshipiMrefu
Nawashukuru kwa moyo wote. Tumekubaliana kuchukua cha inchi 7 chenye ubavuni, chenye kilohezi 455 na 800, na pia mawimbi ya chini kwa siku za jodari. Limebaki jambo moja linalotutia hofu: maji yakitoka, mashua yetu hukaa juu ya mchanga, na mara nyingine tunaiburuta. Transdyusa iliyofungwa nyuma si itavunjika wiki ya kwanza?

Fundi Faiba
Itavunjika, kwa hiyo msiipigilie moja kwa moja. Tengenezeni mkono wa bomba la chuma kisichoshika kutu, unaoshuka majini mkianza kutafuta na kupandishwa mnaporudi. Uwekeni upande wa kulia, angalau sentimita 40 kutoka kwenye propela, na transdyusa ishuke chini ya mguu wa mashine au mashine iinuliwe kidogo, la sivyo mguu utaziba picha ya upande mmoja. Tobo la pini ya kufungia liwe moja tu, ili kila mkishusha irudi ikiwa sawasawa na maji. Ikirudi nchi kavu, ioshwe kwa maji baridi.

Nahodha wa Pangani
Niongeze hili moja. Jaribio lenu la kwanza mlifanye wakati wa maji mafu, mkondo ukiwa mdogo, alfajiri, kabla ya upepo. Wakati wa bamvua mkondo utawasukuma ubavu, na mwamba ulionyooka utauona umepinda. Nendeni mstari mmoja kwa mwendo wa noti (maili za bahari kwa saa) 3 au 4 bila kukata kona, na mwanzie kwenye kipwa ambacho mzee wenu alikwisha kuwaonesha, ili mjue mwamba mnaoufahamu unafananaje kwenye skrini kabla ya kutafuta msioufahamu.